Castro: Mtaa uliojengwa na waliotimuliwa kwao

Baridi ya huku inanitafuna mpaka kwenye mifupa. Wiki iliyopita niliwaahidi kwamba nikishamaliza porojo za mabasi ya Oakland nitawavusha maji twende San Francisco tukatembee kwa miguu. Ahadi ni deni. Leo vaa raba, tena zisizobana, maana mji wenyewe ni vilima mtindo mmoja. Lushoto ina mwenzake.

Tunakwenda mtaa unaoitwa Castro. Nawaona mnavyotazamana. "Kaka, huo si ndio mtaa wa mashoga?" Ndio wenyewe, na wenyeji hawajifichi. Lakini kabla hujalikunja gazeti ukafungie maandazi, nisikilize kwanza. Neno lenyewe kwetu Pwani lina vituko. Bibi yangu kule Tanga akimtaja jirani yake husema "shoga yangu", na hakuna mtu anayegeuza shingo. Shoga wa bibi ni mwandani, yule wa kuombana chumvi na kutunziana siri. Neno hilohilo likimwangukia mwanamume, watu wanaokota mawe.

Safari ilianza hivi. Mama mdogo ninayeishi kwake, ambaye kazi yake ni kulea wazee kwa zamu za usiku, aliniona nafunga kamba za viatu Jumamosi asubuhi. Akauliza naenda wapi. Nikamwambia. Akaguna ile guno ya kwetu, ndefu yenye mkia. "Sasa huko umepoteza nini, mwanangu?" Nikamjibu ni matembezi ya historia, kiongozi ni mzee wa kujitolea, na ni bure. Kusikia bure, Mama mdogo akaingia chumbani kutafuta koti.

Tukapanda treni, tukabadilisha nyingine ya chini kwa chini, tukaibukia kwenye kona ya barabara za Market na Castro. Ukitoka tu shimoni unapokewa na bendera ya rangi za upinde wa mvua, kubwa ile mbaya: mita 6 kwa 9. Kiongozi wetu alikuwa anatusubiri chini yake, babu wa miaka sabini na ushee, mvi tupu, kofia ya kapelo, mkononi faili la picha za zamani. Kidogo nimpe shikamoo. Tulikuwa kama 15: Wajerumani wanne, mtu na mkewe kutoka Texas, wanafunzi, na sisi Wabongo wawili.

Alianza na bendera. Aliyeibuni anaitwa Gilbert Baker, mwanajeshi wa zamani aliyejifunza kushona mwenyewe. Bendera za kwanza zilipandishwa tarehe 25 Juni 1978 katikati ya jiji hilihili, na zilikuwa na rangi 8, sio 6 kama za leo. Rangi ya waridi iliyokoza ilitolewa kwa sababu kitambaa chake kilikuwa adimu. Yaani duka halina mzigo, bendera ya dunia nzima inabadilika. Mafundi cherehani wa Kariakoo mmenielewa.

Halafu akatupa habari za mtaa wenyewe. Zamani hapa palikuwa kwa walalahoi, Wazungu wa asili ya Ireland, Ujerumani na nchi za Skandinavia, watu wa bandarini na viwandani, Jumapili kanisani, watoto wengi. Miaka ya 1960 familia zikaanza kuhamia pembezoni mwa mji. Nyumba zikabaki tupu, nyumba za mbao zenye nakshi kama keki ya harusi, bei ya kutupa. Ndipo wakaja wanunuzi wapya, vijana wa kiume waliokuwa wanaishi wawili wawili.

Walitoka wapi? Hapa ndipo niliposogea mbele nisikie vizuri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi la Marekani lilikuwa linawasaka mashoga katika safu zake. Aliyekamatwa alifukuzwa kwa hati iliyopigwa chapa kwenye karatasi ya bluu. Ukiwa na karatasi hiyo unakosa marupurupu ya askari mstaafu, na mwajiri akiiona anakufungia mlango. Waliokuwa wanapigana upande wa Pasifiki, wengi walishushiwa hapa bandarini. Sasa jiweke kwenye viatu vya huyo kijana: utarudije kijijini na karatasi ya bluu mfukoni, mama anauliza imekuwaje? Wengi hawakurudi. Walibaki palepale waliposhushwa.

Hilo likanikaa. Mtu akitimuliwa kwao hayeyuki, anahamia mahali. Wakitimuliwa wengi, wanahamia mahali pamoja, na baada ya muda pale panakuwa mtaa wenye maduka na diwani.

Usidhani walipofika huku walikaa kwa raha. Miaka ya 1950 na 1960 polisi walikuwa wanavamia baa, wanazoa watu. California mpaka mwisho wa 1975 mwanamume kulala na mwanamume lilikuwa kosa la jinai. Sheria ilivyobadilishwa ni sinema. Kwenye baraza la seneti la jimbo kura ziligongana, 20 kwa 20. Seneta mmoja anaitwa George Moscone akahakikisha milango imefungwa, mtu asitoroke, mpaka naibu gavana Mervyn Dymally, mtu mweusi mzaliwa wa Trinidad, aliporudi kwa ndege kupiga kura ya kuamua. Sheria mpya ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1976. Lishike hilo jina la Moscone, tutakutana nalo mbele, na halitakuwa jambo la heri.

Tukavuka barabara mpaka baa moja ya pembeni, Twin Peaks Tavern. Ukiipita haraka utasema ni baa tu. Kumbe siri iko kwenye vioo. Wanawake wawili waliinunua, na mwaka 1972 wakaweka madirisha makubwa yanayoonyesha waliokaa ndani. Kabla ya hapo baa za namna hii zilikuwa na madirisha yaliyozibwa, milango ya uchochoroni, mtu anaingia kichwa chini. Hawa wakasema basi, atakayekunywa hapa anywe akionekana. Mwaka 2013 jiji likaipa hadhi ya jengo la kihistoria. Baa, wazee! Ingekuwa na kwetu tungekuwa na makumbusho kila kona ya Sinza.

Kuteremka Castro yenyewe ni raha. Kuna jumba la sinema la mwaka 1922 lenye bango refu la kusimama, na chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu, zimepachikwa sahani za shaba zenye sura na majina ya watu waliotikisa dunia. Za kwanza 20 ziliwekwa 2014. Nikamkuta Alan Turing, Mwingereza aliyeweka msingi wa hizi kompyuta tunazozigombania, ambaye nchi yake ilimtia hatiani 1952 kwa kulala na mwanamume, na ikamsamehe 2013, miaka 59 baada ya kufa. Nikamkuta mwandishi Oscar Wilde, na hapo kiongozi akacheka. Sahani yake ya kwanza ilikosewa tahajia, herufi moja ilizidi, mafundi wakalazimika kuirudia kwa gharama yao. Wahariri wa gazeti hili mpate faraja.

Halafu nikamkuta Bayard Rustin. Huyu ndiye aliyeyapanga yale maandamano ya Washington ya 1963, pale Martin Luther King alipotoa hotuba yake maarufu. Mtu mweusi, shoga, na wakubwa wa harakati walimsukuma nyuma ya pazia wakiogopa maneno ya watu. Nilimfahamu kabla ya kufika hapa, kwa sababu moja: mwaka 1962 Rustin alikuwa Dar es Salaam, na wenzake wa kikosi cha amani, wakisaidia harakati za kuikomboa Zambia ya leo. Dar hiihii yetu! Nilipomwambia kiongozi, alifungua faili lake akaandika pembeni. Mama mdogo akanipiga kikumbo cha mbavu, kwa fahari.

Na wazee wa disko msikose: Sylvester naye yumo, yule mwenye sauti nyembamba aliyetamba 1978 na kibao "You Make Me Feel (Mighty Real)". Aliishi hapahapa mjini. Alifariki Desemba 1988 kwa UKIMWI.

Namba 575 Castro. Hapa 1973 alikuja bwana mmoja mwenye pua ndefu na maneno mengi, Harvey Milk, baharia wa zamani wa jeshi la maji, Myahudi wa New York. Alifungua duka la kusafisha picha kwa dola 1,000 za mwisho walizokuwa nazo yeye na mpenzi wake. Biashara haikuwa kitu. Watu walikuja kupiga soga, kusaini karatasi na kulilia shida zao. Akagombea udiwani 1973, akaanguka. 1975, akaanguka. 1976 akajaribu ubunge wa jimbo, akaanguka. Sisi tungemwita mzee wa fomu.

Lakini jamaa alikuwa mjanja wa kupanga watu. Madereva wa malori ya bia waliokuwa na mgogoro na kampuni ya Coors walipomfuata, alizunguka baa za mashoga mpaka zikasusa kuuza bia hiyo. Malipo aliyoyataka hayakuwa fedha: chama cha madereva kiwape kazi mashoga. Wakakubaliana. Dereva wa lori na kijana wa Castro, nani angetegemea? Novemba 1977 akashinda.

Sheria iliyompa umaarufu mkubwa ilihusu nini? Kinyesi cha mbwa! Mwenye mbwa aokote uchafu wa mbwa wake. Aliita waandishi bustanini akawaonyesha kwa kiatu chake mwenyewe. Na wakati huohuo alikuwa ameshajirekodi kwenye kaseti, akieleza nini kifanyike endapo atauawa.

Aliuawa. Tarehe 27 Novemba 1978 diwani mwenzake aliyejiuzulu na kutaka kurudishiwa kiti, Dan White, polisi wa zamani, alipenya dirishani kwenye jumba la jiji kukwepa mashine za kukagua silaha. Akampiga risasi meya. Meya mwenyewe ni nani? George Moscone, yule wa milango ya seneti. Kisha akamfuata Milk. Usiku huo maelfu kwa maelfu walitembea kutoka hapa tuliposimama mpaka jumba la jiji, kila mtu na mshumaa, kimya.

Mei 21, 1979 mahakama ikasema White hakuua kwa kukusudia: miaka 7 na miezi 8. Kimya kikaisha. Watu walichoma magari ya polisi, na polisi wakaja Castro wakavamia baa moja hapa kona ya barabara ya 18 wakatembeza virungu kwa kila waliyemkuta. Kesho yake ilikuwa siku ya kuzaliwa ya marehemu. Wenyeji wakasherehekea barabarani kwa amani, wakacheza. White alikaa ndani miaka mitano hivi akatoka, na 1985 akajiua.

Kona hiyohiyo ya 18 palikuwa na duka la dawa. Desemba 1981 nesi mmoja, Bobbi Campbell, alibandika kwenye dirisha lake picha za mabaka yaliyomtoka miguuni, akiwaonya wenzake kwamba kuna ugonjwa mpya, ukiona hivi nenda hospitali. Haukuwa hata na jina la UKIMWI. Hebu fikiria mtu anayebandika mwili wake dukani ili wengine wapone. Alifariki Agosti 1984, umri miaka 32. Kwetu wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Kagera 1983, na watu wa kule waliuita "Juliana", jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kinavuka mpaka wakati huo.

Hapo Mama mdogo aliacha kulalamikia miguu.

Kituo cha mwisho kilikuwa juu tena, Market namba 2362. Cherehani zilishaondoka siku nyingi, lakini 1987 hapa palikuwa na karakana. Mwanzo wake ni Novemba 1985, kwenye matembezi ya kumkumbuka Milk. Kijana aliyewahi kufanya kazi naye, Cleve Jones, aliwaambia watu waandike kwenye maboksi majina ya waliokufa na UKIMWI. Wakayabandika ukutani kwenye jengo la serikali. Akayatazama kwa mbali, akaona yanafanana na shuka la viraka, kama yale yanayoshonwa na mabibi wa Kimarekani. Likazaliwa wazo: kila marehemu kipande chake, futi 3 kwa futi 6, ukubwa wa kaburi. Maana wengine makaburi yalikataliwa, familia hazikutaka kuchukua maiti. Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa Washington. Leo vinakaribia 50,000, uzito wa tani 54, na bado vinapokelewa.

Kiongozi alisema ana desturi hapo: anayetaka ataje jina la mtu wake. Yeye akataja matatu. Mjerumani mmoja akataja moja. Kimya. Mara nikasikia Kiswahili. Mama mdogo alitaja jina la mjomba, la baba yake na la babu yake, kisha akaongeza, "Mtoto wa mama yetu. Alikuwa utingo wa malori ya bara." Watu hawakuelewa neno, lakini wote waliinamisha vichwa.

Msomaji wangu, mjomba alifariki 1994, kabla mimi sijazaliwa. Picha yake iko sebuleni Tanga. Nimekua naambiwa alikufa kwa kifua. Wangapi mtaani kwenu walikufa kwa kifua, kwa malaria, kwa kurogwa? Kwenye treni Mama mdogo akanisimulia yote. Mjomba aliwekwa chumba cha uani, sahani yake mbali, kikombe chake mbali. Yeye akiwa kidato cha pili ndiye aliyekuwa anamfulia. Alipozikwa, sahani na kikombe navyo vilifukiwa. Mjomba hakuwa shoga. Ila kuogopwa na kunyamaziwa ni kulekule.

Sasa Mama mdogo anataka kushona kipande. Ananunua vitambaa, anapima futi. Alimpigia bibi simu kumwomba shati la mjomba lililobaki sandukuni, na kumwambia jina litaandikwa wazi, na ugonjwa utajulikana. Bibi alinyamaza hata tukadhani simu imekatika. Kisha akasema tumpe muda aongee na kaka zake. Mpaka naandika haya hatujajibiwa. Wajomba wawili wameshatuma ujumbe wa hasira: mnataka kutuaibisha kwa Wazungu. Mimi niko upande wa Mama mdogo, na nimewaambia.

Castro yenyewe sio pepo, msije mkadhani. Nilimuuliza kiongozi habari za sisi weusi, na hakuficha: zama zile baa nyingine ziliwadai watu weusi na wanawake vitambulisho viwili vitatu mlangoni, ilhali Mzungu anapita. Na nyumba zile za bei ya kutupa? Leo moja inapita dola milioni. Kijana aliyetimuliwa kwao mwaka huu akishuka hapa na begi hana pa kulala. Waliozaliwa Kariakoo na Magomeni wanaujua wimbo huo, ghorofa likipanda wewe unahamia Mbagala.

Na kwetu sheria ni ile ile ya wakoloni, imeongezwa makali: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinafika kifungo cha maisha. Wapo watakaoniandikia kunitukana, karibuni, stempu ni zenu. Ila mkiniandikia, nijibuni na hili: yule mtoto wa mtaani kwenu aliyefukuzwa na baba yake kwa sababu hizi, mnajua yuko wapi sasa hivi?

Mwenye bahati ya kuja huku, matembezi ya bure yapo, uliza tu. Ya kulipia nayo yapo tangu 1989, yalipoanzishwa na mama mmoja aliyekuwa nesi wa jeshi la maji, Trevor Hailey. Ukimaliza pita barabara ya 18 namba 4127, makumbusho madogo ambako kuna kipande cha bendera ya 1978. Koti usisahau, saa tisa mchana ukungu unashuka kilimani kama moshi wa jiko la kuni.

Wiki ijayo nawapeleka Chinatown, bei za samaki na ugomvi wa Mama mdogo na muuza kambare. Mpaka hapo, tuonane. Poa?